Matone hayalipwi

Mtu akisikia kwamba kazi yangu ni kuangalia maji machafu ya kiwandani, huniuliza mtambo wa kuyasafisha uligharimu pesa ngapi. Natamani siku moja nikutane na mtu atakayeuliza kwanza vibarua wanalipwaje. Katika karakana yetu uchafu ulikuwa unaanzia kwenye daftari la malipo, na mtambo ulikuwa unakimbizana nao kwa nyuma bila kuufikia.

Tuko Industrial Area, Nairobi, pembeni mwa Lunga Lunga Road. Tunachovya vyuma kwenye matanki ya dawa yanayopitishwa umeme, ili vivikwe metali inayong'aa: bampa na bulbaa za matatu, miguu ya viti vya saluni, vyuma vya kuanikia taulo, vipuri vya pikipiki. Chuma kinaingia na kutu yake, kinatoka unaweza kujitazama ndani yake ukanyoa ndevu. Mng'ao wenyewe, kwa sehemu kubwa, ni wa nikeli. Kromu inayokaa juu ya nikeli ni utando tu, na kwa kazi za urembo kama zetu kwa kawaida haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Utando huo ndio unaotuletea balaa karibu lote, maana kuupata kwa njia ya kizamani, ambayo ndiyo yetu, lazima uwe na tanki la kromu sita, ile aina ya kromu yenye sumu kali.

Kromu sita hutufikia kwenye mapipa, ikiwa magamba yenye rangi ya damu ya mzee. Inasababisha saratani ya mapafu, na kwa hilo hakuna ubishi tena. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la kwanza, pamoja na asbestosi na moshi wa tumbaku. Lakini kabla ya mapafu huwa inaanza na pua. Ukuta unaotenganisha tundu la kulia na la kushoto huliwa polepole hadi ukatoboka. Fundi wetu mkuu, mzee aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa, husema zamani ungemtambua mchovyaji wa kromu kwa kumwinua kidevu tu na kumchungulia. Anasema huku akicheka. Mimi sijaweza kucheka.

Inafikaje puani? Umeme unaopita kwenye tanki la kromu ni mwingi, lakini asilimia 80 na zaidi hauweki kromu yoyote kwenye chuma. Unapasua maji tu, yanakuwa gesi. Viputo vinapanda, vinapasukia juu, na kila kiputo kinarusha ukungu wa dawa hewani. Ndiyo maana tuna feni za kuvuta ukungu kandokando ya tanki, na vigololi vya plastiki vinavyoelea juu ya dawa ili viputo vikose pa kupasukia. Wageni huvidhania pambo.

Hayo ni ya hewani. Mimi ni wa maji, na pale karakanani wananiita Mama Maji, jina ambalo nilipewa kwa dhihaka na sasa linaandikwa hata kwenye orodha ya chai.

Maji tunayotumia, siku ambazo mgao unatukumbuka, yametoka mbali. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a. Yanateremka hadi kwetu yakiwa safi, tunasuuzia vyuma, kisha tunayaaga kwa njia ya mfereji wa majitaka kuelekea mabwawa ya Ruai. Yule asiye na mfereji, au aliye nao na hataki kulipia, anayaagia kwenye Mto Ngong unaopita nyuma ya viwanda na katikati ya mtaa wa mabanda wa Mukuru. Mto Ngong unaingia Mto Nairobi, Nairobi unaingia Athi, na Athi hubadilisha majina njiani, Galana, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Na huko Ruai usafishaji unategemea vijidudu, vinavyokula kinyesi na mabaki ya vyakula. Hakuna kijidudu kinachoila kromu ikaisha. Hujificha tu kwenye tope la chini.

Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka kikomo cha kromu sita kuwa miligramu 0.05 kwa lita. Niliwahi kuandikia hesabu hiyo ukutani, na nadhani ndiyo iliyonisaidia kuliko semina zote. Gramu moja ya kromu sita, ukitaka kuifikisha kwenye kikomo kwa kuizimua na maji matupu, inahitaji lita 20,000. Hizo ni bauza mbili kubwa. Sasa, dawa yetu ina takriban gramu 250 za asidi ya kromu kwa kila lita, na zaidi kidogo ya nusu ya uzito huo ni kromu yenyewe. Kwa hiyo lita moja ikidondoka ikaenda na maji ya kusuuzia, ungehitaji zaidi ya lita milioni mbili na nusu kuificha. Na ukishaificha, kromu ni ileile, haijapungua hata punje. Nasema hivi kwa sababu kuna wajanja wanaofungulia maji ya bomba yaingie kwenye shimo la majitaka asubuhi ambayo wakaguzi wanatarajiwa. Siku za ukaguzi mifereji ya mtaa huu inapendeza.

Kazi ya mtambo wetu si ngumu kuieleza. Unachukua maji ya manjano ya kusuuzia kromu, unayatia asidi hadi pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ishuke kati ya 2 na 3, kisha unatia metabisalfaiti ya sodiamu. Harufu yake inakukaba koo kama ya kiberiti. Manjano yanageuka kijani mbele ya macho yako, maana yake kromu sita imekuwa kromu tatu, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi kwa mbali. Halafu unatia chokaa, pH inapanda hadi 8 au 9, kromu inagandamana na kuzama. Tope linakamuliwa, linawekwa kwenye mapipa, linangoja wasafirishaji wenye leseni. Siku ya kwanza nilipoona rangi inageuka nilifurahi kama mtoto. Baadaye nikaanza kupiga hesabu. Kila kilo ya kromu ninayoikamata inakula karibu kilo tatu za metabisalfaiti, kabla hujahesabu asidi na chokaa. Dawa ile bosi aliinunua kwa dola. Ananunua tena dawa ya kuiua. Kisha analipa mtu aje aubebe mzoga wake. Na tope hilo nalo ni taka hatari, huwezi kulipeleka jalala la Dandora, na hata ukilichoma metali haiteketei.

Kazi zikaongezeka, mtambo ukaelemewa. Bosi akaanza kutafuta bei ya tanki la pili la kusafishia. Hapo ndipo nilipotoka maabara na kwenda kusimama kando ya tanki la kromu na simu mkononi, nikipima sekunde.

Vyuma huchovywa vikiwa vimening'inizwa kwenye hanga. Vibarua walikuwa wakilipwa kwa hanga: ukitoa nyingi, unapata nyingi. Basi kijana anainyanyua hanga kutoka kwenye kromu kwa mkupuo mmoja, na kabla ya sekunde tatu imeshazama kwenye maji ya kusuuzia. Dawa inateremka kwenye chuma kwa kasi katika sekunde kumi za mwanzo hivi, halafu inabaki michirizi tu. Maana yake kila hanga ilikuwa inahama na dawa ambayo ingerudi yenyewe tankini kama ingepewa nafasi ya kupumua. Miguu ya viti ndiyo iliyokuwa mibaya zaidi: ni mabomba matupu, mengine yametungikwa mdomo ukiwa juu, kwa hiyo yanachota dawa na kwenda kuimwaga kwenye tanki linalofuata.

Nikamwambia kijana mmoja, "Mwanangu, ngoja kidogo idondoke." Akanijibu kwa heshima zote, bila kusimama, "Mama, matone hayalipwi."

Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu kupunguza taka viwandani na sijaona mahali hilo limesemwa vizuri hivyo. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambao makao yao yako hapahapa Gigiri, wamekuwa wakihubiri uzalishaji safi tangu 1989. Kanuni zetu za usimamizi wa taka za 2006 nazo zilimtaka mwenye kiwanda apunguze taka pale zinapozaliwa, asingoje mwisho wa bomba. Yote ni kweli. Lakini ukibandika bango la "Acha idondoke sekunde kumi" juu ya mtu anayelipwa kwa haraka, bango litazeeka pale ukutani, na kijana atakula kwa hanga zake.

Suluhisho la kwanza alilileta fundi mkuu. Hakutoa hotuba. Aliomba bomba la PVC, akalifunga mlalo juu ya tanki, usawa wa kifua. Sasa kijana akinyanyua hanga anaitundika kwenye bomba, anageuka kuchukua nyingine, na akirudi ile ya kwanza imeshadondoka yenyewe. Mwendo wake haukupungua sana, mkono wake umepumzika, na mgongo pia. Hanga za miguu ya viti zikakunjwa upya ili midomo ya mabomba itazame chini kwa mshazari. Kati ya tanki la kromu na la kusuuzia tukaweka bati la plastiki lenye mteremko, ili hata tone linalopotelea njiani lirudi nyumbani.

Mzee akanionya pia juu ya jambo ambalo mimi wa maabara nisingelifikiria haraka. Kwenye nikeli usizidishe. Dawa ya nikeli ni moto, chuma kikikaa hewani mno uso unakauka na kulala, na kromu ikija juu yake inakataa kushika au inatoa mabaka. Kwa hiyo kwenye nikeli tunadondosha kwa kiasi, halafu tunanyunyiza maji kidogo hanga ikiwa bado juu ya tanki. Maji hayo yanaingia tankini na kufidia mvuke.

Bomba lilisaidia, ila halikumaliza. Wale wepesi zaidi walikuwa bado wanapita chini ya bomba bila kutundika, hasa mchana kazi zikibanana. Tukaenda kwa bosi, mimi na mzee, kuomba upande wa kromu walipwe kwa siku. Hapo ndipo kulipokuwa na vita halisi. Waliopinga kwa nguvu ni vijana wenye mikono mepesi, na walikuwa na haki ya kupinga: malipo ya siku yaliyopendekezwa mwanzo yalikuwa chini ya wanayopata wao siku nzuri. Mmoja aliacha kazi, akahamia kwa jirani ambako bado wanahesabu hanga. Wengine walikubali baada ya kiwango kupandishwa, na baada ya kukubaliana kwamba dawa ikiokolewa, sehemu ya pesa inarudi kwao mwisho wa mwezi. Bosi alisita sana hapo. Hoja zangu za pua na mapafu hazikumtikisa. Kilichomtikisa, nadhani, ni habari ya Owino Uhuru kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia watu wa mtaa mzima madini ya risasi kwenye damu. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na baada ya kesi kupanda na kushuka, Mahakama ya Juu ikaunga mkono fidia hiyo Desemba 2024. Hesabu hiyo kila bosi wa Industrial Area anaielewa bila mkalimani.

Baada ya matone, tuliingia kwenye maji yenyewe. Zamani koki ya tanki la kusuuzia ilikuwa wazi kutwa kucha, hata saa za chakula. Tulichofanya ni kuweka tanki lisilo na bomba mara baada ya kromu. Hanga inazama humo kwanza, maji yanakuwa ya manjano mazito siku hadi siku, na badala ya kuyapeleka mtamboni tunayarudisha kwenye dawa kufidia yaliyopotea kwa mvuke. Lakini kuna sharti: maji hayo lazima yawe safi. Ukitumia maji ya kisima unarudisha pia chumvi zake, na kloridi inaiharibu dawa ya kromu. Visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi juu ya hayo. Tukaangalia juu tukaona paa la mabati. Mvua za masika sasa zinaishia kwenye matanki yetu meusi, mvua ya kwanza ikiachwa ipite na vumbi lake, na maji yaliyochujwa ndiyo yanayoingia kwenye kromu. Masika yakichelewa tunanunua maji yaliyotolewa chumvi, na bosi ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezuia mvua.

Kisha yanafuata matanki matatu ya kusuuzia yaliyoungwa kinyume. Maji safi yanaingia la mwisho, yanafurika kuelekea la kati, yanamalizia la kwanza. Vyuma vinatembea upande wa pili. Faida yake usipoipigia hesabu huwezi kuiamini. Tuseme hanga zako zinahama na lita moja ya dawa kwa saa, na unataka dawa inayobaki kwenye chuma mwishoni iwe imezimuliwa mara elfu moja. Kwa tanki moja unahitaji lita 1,000 za maji kila saa. Kwa mawili yaliyopangwa kinyume, lita 32 hivi. Kwa matatu, lita 10. Chuma kinatoka safi vilevile. Katika mji ambao bomba hukauka siku nne ukiulizia unaambiwa ni ratiba, hesabu hii ilipita kwa bosi bila mjadala.

Mhasibu ndiye aliyenichekesha. Alishuka karakanani na faili lake akitaka kujua ni nani anayetuuzia asidi ya kromu nje ya vitabu, kwa sababu kazi zimeongezeka na ununuzi umeshuka. Tulimpeleka akaone bomba la PVC. Hakuridhika mpaka alipoingia stoo kuhesabu mapipa mwenyewe. Bei ya tanki la pili la kusafishia haikuulizwa tena.

Kuna mambo mengine madogo niyataje, ingawa hayana hadithi. Dawa ikimwagika, usifukie kwa maranda. Watu wengi wana gunia la maranda pembeni kwa ajili ya mafuta, na kwa mafuta ni sawa, lakini asidi ya kromu inakula maranda na inaweza kuyawasha moto yenyewe. Tumia mchanga mkavu. Tanki la sianidi na la asidi yasiwe jirani, wala mifereji yake isikutane popote, kwani gesi inayozaliwa hapo inaua kabla hujamaliza kuuliza ni nini. Na stoo ijengewe ukingo wa simiti wa kuzuia pipa zima likipasuka, pamoja na kuandikwa majina juu ya kila chombo. Chupa ya soda yenye kimiminika kisicho na jina ndiyo kitu ninachokiogopa kuliko tanki lolote.

Mapipa na jerikeni tupu, hilo sitalipita haraka. Pale getini palikuwa na biashara ya miaka mingi. Chombo kikiisha dawa kinauzwa kwa bei ya kutupa, na mnunuzi ni mama wa Mukuru anayetafuta kitu cha kuhifadhia maji ya kunywa, kwa sababu jerikeni mpya ni ghali na maji kwake yanakuja kwa bahati. Atakisuuza kwa sabuni, akinuse, aone ni safi. Plastiki ina tabia ya kunywa inachobeba. Tulipoanza kuyatoboa mapipa tupu kwa nyundo na mtaimbo, askari wa geti hawakunisalimia kwa muda mrefu. Ilikuwa posho yao. Siku hizi tunasuuza kila chombo mara tatu, maji ya kusuuzia yanarudi kwenye tanki la dawa ileile, na msambazaji anayachukua mapipa kama sharti la kumwagiza tena. Alikataa mwanzoni. Alikubali alipojua tumeanza kuongea na mwenzake.

Bado upande wa zinki wanalipwa kwa hanga, na maji yake yanaonyesha hivyo. Nimeandika barua, imelala mezani.

Lakini mabishano makubwa ya sasa ni kama tuachane na kromu sita kabisa. Kuna dawa za kuchovya zinazotumia kromu tatu tangu mwanzo, na kwa kazi za urembo zinafaa. Ukungu wake si wa kutoboa pua, na kule mwisho hakuna manjano ya kugeuza kijani. Ubaya wake ni bei, usumbufu wake chuma kingine kikiingia kwenye dawa, na rangi: mara nyingi ina giza kidogo, wakati kromu sita ina ubluu baridi ambao wenye matatu wameuzoea. Fundi mkuu amechovya bulbaa mbili, moja kwa kila dawa, na kuziegemeza ukutani nje, juani. Tumewaalika wateja wakubwa waje Alhamisi kuziangalia bila kuambiwa ipi ni ipi. Mzee anasema hakuna atakayekosea. Mimi nimeweka pesa ya chakula cha mchana kwamba angalau wawili watachagua ile nyeusi-nyeusi kwa kudhani ndiyo ya kisasa.